Coppi, Bingwa wa Milima Aliyeondoka kwa Malaria

Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, kaskazini mwa Italia. Wazee wake walikuwa wakulima. Skuli hakukaa sana. Alipofika miaka 13 alikwenda mji wa Novi Ligure kuwapelekea nyama wateja wa bucha, kwa baiskeli. Miguu iliyokuja kutikisa Ulaya ilianzia hapo, kwenye kikapu cha nyama.

Mwaka 1940 aliajiriwa katika timu ya Gino Bartali, bingwa mkubwa wa wakati ule, ili amsaidie kwenye Giro d'Italia. Kwa wasioijua, Giro ni mashindano ya wiki tatu hivi kuizunguka Italia. Kila siku mnakwenda safari yake, muda unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Msaidizi kazi yake ni kumkinga mkubwa wake na upepo, basi. Lakini Bartali aligongana na mbwa akaanguka mapema, na yule msaidizi wa miaka 20 akaibuka mshindi. Siku moja baada ya Giro kwisha, Italia ikaingia vitani.

Vita vilimla miaka yake mizuri. Mwaka 1942 aliweka rekodi ya dunia ya saa moja, kilomita 45.798, rekodi iliyodumu miaka 14. Mwaka uliofuata alipelekwa Tunisia kama askari, Waingereza wakamkamata, na akabaki mfungwa mpaka vita vilipokaribia kwisha.

Sasa hebu tuje tarehe 10 Juni 1949, siku ya Giro ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254 na milima mitano mikubwa. Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza, na kilomita 192 zilizobaki akazikata peke yake. Mimi ni mtu wa Mtoni, nazipima safari kwa barabara zetu. Unguja nzima, kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini, ni kama kilomita 85. Kwa hiyo fikiria mtu atoke Nungwi, afike kusini, arudi Nungwi, na bado awe na deni la kilomita ishirini na ushei. Tena huku kwetu mlima wa kutupa jasho ni Masingini, haufiki hata mita 150. Mmoja wa ile mitano, Izoard, unapita mita 2,300. Alifika Pinerolo akamsubiri Bartali, aliyekuwa wa pili, kwa takriban dakika 12. Giro akaichukua, na mwezi uliofuata akachukua na Tour de France. Kabla yake hakuna aliyewahi kuzipata zote mbili katika mwaka mmoja.

Jumla alishinda Giro mara 5 na Tour mara 2. Mwaka 1951 mdogo wake, Serse, alianguka mashindanoni akafariki. Mambo ya ndoa yake yalifika mpaka mahakamani, na magazeti yaliyatafuna vya kutosha, kwa hiyo mimi nayapita.

Disemba 1959, umri umeshafika miaka 40, Coppi alialikwa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, pamoja na waendesha baiskeli wengine kutoka Ulaya. Walishindana Ouagadougou, kisha wakaenda kuwinda. Usiku, Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Mfaransa, Raphaël Géminiani. Mbu hawakubagua.

Waliporudi makwao wote wawili walishikwa na homa kali. Ufaransa walimpima Géminiani damu, wakaona vimelea vya malaria, wakampa kwinini. Jamaa zake walituma habari Italia kwamba ugonjwa ni malaria. Madaktari wa Coppi walishikilia kuwa ni maradhi ya mapafu. Tarehe 2 Januari 1960, mjini Tortona, akafariki.

Bibi yeyote wa Mtoni wa zama zile angeuliza kwanza kama kijana katoka safari. Lakini ni rahisi mno kuwacheka wale madaktari. Italia ilikuwa imepuliza dawa ya mbu baada ya vita, malaria ikakaribia kutoweka, na kichwa cha daktari nacho kikaanza kuisahau.

Na sisi je? Zanzibar nayo iliwahi kupuliziwa dawa, ugonjwa ukashuka, kisha mwaka 1968 mradi ukafungwa na malaria ikarudi. Safari hii tumeishusha tena, kwa miaka mingi imekuwa chini ya asilimia 1. Wengi wetu tuliomo vyuoni hatujawahi kuuguzwa malaria. Tunakwenda fildi bara, tunarudi na homa, tunasema ni mafua, au uchovu wa safari, tunameza vidonge vya maumivu na kulala. Kipimo cha damu siku hizi ni tone moja la kidole na dakika kama 20. Coppi hakupata hata hilo, naye alikuwa mmoja wa watu mashuhuri kabisa wa nchi yake.

Géminiani alipopata nafuu, rafiki yake alikuwa ameshazikwa. Yeye aliishi mpaka Julai 2024. Alikuwa na miaka 99.