Alianguka Mitihani, Lakini Dawa Zake Zimo Majumbani Mwetu

Jumanne iliyopita baada ya isha, mpwa wangu alinijia na begi la vitabu na macho mekundu. Yuko mwaka wa nne wa masomo ya udaktari. Muhula uliopita aliianguka karatasi ya magonjwa ya damu na matibabu ya saratani, na wiki ijayo anairudia. Aliniambia kuwa akianguka tena, ataacha chuo arudi nyumbani atafute kazi ya duka. Mamake, dadangu mkubwa, aliuza bangili zake za dhahabu ili mtoto alipiwe karo ya mwaka wa kwanza. Nilijua kuwa kinachomliza ni zile bangili zaidi ya karatasi.

Mimi si daktari. Nina diploma ya famasia na miaka mingi ya kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Usiku ule sikumfundisha chochote cha kitabuni kwanza. Nilimkalisha, nikamtilia chai, nikamsimulia maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake imejaa tele katika karatasi ile ile anayoiogopa, naye aliianguka mitihani kumshinda yeye.

Mtu huyo ni Yellapragada Subbarow. Alizaliwa tarehe 12 Januari 1895 katika mji wa Bhimavaram, kusini mwa Uhindi, wakati Mwingereza anatawala. Nyumba yao ilikuwa ya watoto wengi na pesa chache, na babake alifariki yeye akiwa bado mwanafunzi. Inasimuliwa kuwa utotoni alitoroka nyumbani, amekusudia kwenda kuwauzia ndizi mahujaji wa Kihindu huko Benares, mamake akamrudisha. Mama huyo huyo, husimuliwa, aliuza kito chake cha ndoa ili mwana asome. Nilipofika hapo mpwa wangu aliinua uso.

Mtihani wa kumaliza sekondari aliuanguka mara mbili. Aliupita mara ya tatu, huko Madras. Akaingia chuo cha udaktari mjini humo, na mkwewe akamsaidia gharama. Zama hizo Gandhi alikuwa amewaita Wahindi wasusie vitambaa vya Mwingereza, na Subbarow akaitika. Aliingia chumba cha upasuaji na vazi la khadi, kitambaa cha kusokotwa kwa mkono. Profesa wake wa upasuaji, Mwingereza, hakupendezwa. Ingawa kijana alifanya vizuri katika karatasi zake za kuandika, mwisho wa safari alipewa cheti cha LMS, kilicho chini ya digrii kamili ya MBBS. Sisi watu wa diploma twalijua jicho ambalo mwenye cheti cha chini huangaliwa nalo.

Kisha msiba. Ndugu zake wawili walifariki kwa kufuatana, muda mfupi tu kati yao, kwa ugonjwa uitwao spruu. Ni ugonjwa wa nchi za joto: utumbo hushindwa kunyonya chakula, mtu huharisha, hukonda, na damu humpungukia mpaka akawa mweupe. Yeye mwenyewe uliwahi kumshika, akanusurika. Wakati ule hakuna aliyejua dawa yake hasa.

Mwezi wa Oktoba 1922 alifika Boston, Marekani, kusomea magonjwa ya nchi za joto. Cheti chake hakikumfungulia milango ya hospitali kama daktari, basi akafanya kazi ya usiku hospitalini, ya kusafisha vyombo vya choo vya wagonjwa. Mchana alisoma. Pale Harvard, yeye na mwalimu wake Cyrus Fiske walitoa mwaka 1925 njia ya kupima fosforasi katika damu na mkojo, ambayo wanafunzi wa biokemia wanaijua kwa majina yao wawili hadi leo. Baadaye walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitambua ATP, ile kemikali ambayo seli huitumia kama sarafu ya nguvu. Pamoja na yote hayo, Harvard haikumpa kazi ya kudumu. Mwaka 1940 aliondoka, akaenda kuongoza utafiti katika kampuni ya dawa ya Lederle, mjini Pearl River, jimbo la New York.

Hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu afungue daftari, maana sasa tumeingia mtihani wake.

Miaka ya nyuma kidogo, daktari wa Kiingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay akichunguza kwa nini wanawake wajawazito wa viwanda vya nguo wanapungukiwa damu vibaya. Aligundua kuwa hamira ina kitu kinachowaponya, ingawa hakujua ni kitu gani. Kitu hicho ndicho asidi ya foliki. Kikosi cha Subbarow pale Lederle kilifaulu kukitengeneza kwa kemia katikati ya miaka ya 1940, kikaweza kupatikana kwa wingi. Na kumbe ndicho kinachosaidia wagonjwa wa spruu pia. Dawa iliwakosa nduguze, ikawafikia ndugu za watu wengine.

Foliki ni ya nini? Seli haiwezi kujigawa bila kunakili DNA yake, na foliki ni miongoni mwa vitu vinavyohitajika katika kuijenga DNA hiyo. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya huishi kama siku 120. Ya mgonjwa wa seli mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hivyo uboho wake hufanya kazi mchana na usiku kutengeneza nyingine, na foliki humalizika upesi. Ndiyo maana mtoto wa seli mundu hupewa kile kidonge kidogo cha manjano kila siku. Huku Pwani, ni nyumba ngapi zina mtoto kama huyo? Ya dadangu ni mojawapo. Mdogo wake huyu mpwa wangu anakimeza kila asubuhi.

Sasa geuza sarafu. Huko Boston, Dakta Sidney Farber aliwapa dawa za jamii ya foliki watoto wenye saratani ya damu, akaona kama kwamba ugonjwa unakwenda mbio zaidi. Akafikiri: ikiwa foliki inailisha saratani, je, tukiinyima? Subbarow na wenzake wakamtengenezea dawa zinazofanana na foliki kwa umbo lakini haziifanyi kazi yake, mfano wa ufunguo bandia unaoingia kitasani ukakwama humo. Seli ya saratani, kwa pupa yake ya kujigawa, huwa ya kwanza kuumia. Dawa hiyo iliitwa aminopterini. Mwezi wa Juni 1948 Farber alichapisha habari za watoto 16 waliotibiwa, na 10 kati yao walipata nafuu. Ilikuwa nafuu ya muda, ugonjwa ulirudi. Lakini kabla ya hapo hapakuwa na cha kuwapa. Ndugu ya aminopterini, methotreksati, iliyotoka katika kazi hiyo hiyo, bado inatumika ulimwenguni kote kwa saratani na kwa baridi yabisi ya viungo.

Mkono wake haukuishia hapo. Chini ya uongozi wake ilitoka dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasaiklini. Ikatoka pia ile iitwayo kwa kifupi DEC, inayoua viminyoo vya matende vilivyomo ndani ya damu. Ndugu zangu wa Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, vile vidonge tulivyogawiwa vijijini kuzuia matende na mabusha, DEC ilikuwemo.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Alimwacha mkewe mja mzito, mtoto akazaliwa akafa bila babake kumwona, na Subbarow hakurudi kwao hata siku moja. Mke alingoja mpaka mwisho. Kwa hilo mimi simsifu. Alifariki usingizini Agosti 1948, ana miaka 53, miezi miwili tu baada ya habari za wale watoto kuchapishwa. Watu wa nje walikuwa hawamjui, maana hakuwa mtu wa kujitangaza.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza swali la mtihani: kwa nini mgonjwa aliyepewa methotreksati nyingi hupewa asidi ya foliniki baadaye? Akalijibu mwenyewe, bila kuangalia kitabu. Methotreksati huziba njia ambayo foliki hupita ili itumike, na foliniki huingia kwa mlango wa mbele zaidi ya pale palipozibwa, ikaziokoa seli njema. Nikamwambia swali hilo hilo ndilo alilolikosa muhula uliopita. Akacheka, mara ya kwanza usiku ule.

Sijui kama atapita. Matokeo yako kwa Mola, na juhudi ni juu yake. Ninachokijua ni kuwa huku kwetu mtoto akianguka karatasi moja, mtaa mzima hupewa habari kabla ya magharibi, na wengine huacha masomo kwa aibu, si kwa kukosa akili. Mzazi mwenzangu, usimwambie mwanao kuwa umepoteza dhahabu yako. Mama wa Bhimavaram angalisema hivyo baada ya mtihani wa pili, huenda foliki ingalichelewa kutufikia.

Asubuhi yake dadangu alinipigia simu. Binti ameamka alfajiri, ameswali, amempa mdogo wake kidonge chake, kisha amekaa kusoma. Mtihani ni Jumatatu. Tumuombee.