Marcel Mule, Mwalimu wa Saksafoni

Kati ya Lodwar na Kakuma mna kilomita kama 120 za jua na mchanga, na katika safari yangu huko nilikuta ubishi nisioutarajia. Kijana mmoja wa Kikongo, mkimbizi, apigaye saksafoni kanisani Kakuma, alitaka kuwafundisha watoto. Wazee wakamkataza, wakidai ala hiyo ni ya baa na walevi. Lodwar nako nilikuta waalimu wawili wakibishana juu ya jambo hilo hilo. Basi yafaa nieleze habari za Mfaransa Marcel Mule, ambaye hoja hiyo alipambana nayo miaka mingi.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1901 katika kijiji cha Aube, Normandy. Babaye, kiongozi wa bendi ya kijiji, ndiye aliyemfundisha saksafoni. Lakini saksafoni siku zile haikuhesabiwa kazi ya kumlisha mtu, kwa hiyo kijana akasomea ualimu wa shule ya msingi na kufundisha kwa muda mfupi. Jeshi likamwita, akafika Paris, na chaki ikasahauliwa. Mwaka 1923 akaingia bendi ya Garde Républicaine, akawa mpigaji wake mkuu wa saksafoni hadi 1936.

Huko Paris alipiga pia katika kumbi za dansi, na humo akajifunza kuitetemesha sauti kama wapigaji wa jazi. Wenye muziki wa heshima waliuona mtetemo huo ni uhuni. Siku moja, katika baleti, akaombwa apige vivyo hivyo. Alisita, kisha akakubali; waliosikia wakapendezwa mno. Sisi tuliosoma chuoni hatustaajabu: herufi ni zile zile, lakini sauti ya msomaji hodari humwinamisha mtu kichwa. La ajabu ni kwamba kilichoipa saksafoni heshima kilitoka katika dansi lile lile lililokuwa likilaumiwa.

Mwaka 1928 aliunda kundi la saksafoni nne. Nyimbo za kupiga zilikuwa haba, ikabidi achukue kazi zilizotungiwa ala nyingine na kuzigeuza. Mwaka 1932 Mrusi Glazunov, aliyekuwa akiishi Paris, akalitungia kundi hilo kazi kamili.

Sasa tuje kwenye ualimu. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeibuni ala hii na kupewa hataza mwaka 1846, aliwafundisha askari katika Chuo cha Muziki cha Paris tangu 1857. Vita na Waprusi vya 1870 vikalifunga darasa lake. Likakaa tupu miaka 72! Likafunguliwa tena mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na aliyekabidhiwa ni Mule, mtoto wa kijiji aliyefundishwa na babaye.

Alifundisha hadi 1968. Wamarekani walivuka bahari kumfuata, miongoni mwao Frederick Hemke na Eugene Rousseau, ambao nao walifundisha vyuoni kwao miaka mingi. Mwaka 1958 yeye mwenyewe alizuru Marekani na okestra ya Boston chini ya Charles Munch, akapiga kazi za Ibert na Tomasi mbele ya watu waliozoea kuisikia saksafoni katika jazi.

Alipostaafu, darasa lilirithiwa na mwanafunzi wake, Daniel Deffayet. Mzee akahamia kusini, kando ya bahari, akafariki Sanary-sur-Mer tarehe 18 Desemba 2001, akiwa na umri wa miaka 100.