Mtakatifu Martino wa Porres, Mganga wa Watu na wa Nyama

Katika picha ya Mtakatifu Martino mnaona ufagio mkononi mwake, na miguuni pake mbwa, paka na panya wakila katika sahani moja. Watoto wa shule yetu huuliza kila mara nyama hao wametoka wapi. Sikilizeni basi.

Martino alizaliwa mjini Lima, katika inchi ya Peru, mwaka 1579. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetolewa utumwani. Baba yake alikuwa bwana wa Kispania, lakini katika kitabu cha ubatizo jina lake halikuandikwa. Alipopata miaka 12, kijana akawekwa kwa kinyozi ajifunze kazi. Vinyozi wa siku zile hawakunyoa tu: walifunga vidonda, walitengeneza mifupa iliyovunjika, walijua na majani ya dawa.

Kisha akaingia monasteri ya Wadominiko. Sheria ilikataza mtu mwenye damu ya Kiafrika kupokewa kama mtawa, kwa hiyo akakaa humo kama mtumishi, akifagia, hata mwaka 1603 aliporuhusiwa kuweka nadhiri. Akakabidhiwa nyumba ya wagonjwa. Huko Limatambo, katika shamba la monasteri, alipanda majani ya dawa kwa ajili ya maskini.

Baada ya kifo chake mashahidi walisimulia habari ya mbwa aliyejeruhiwa vibaya. Martino hakumfukuza. Aliosha kidonda kwa divai vuguvugu pamoja na romarini, majani yale yenye harufu kali, akakishona, akamtunza hata akapona. Dawa hiyo haikuwa ya mbwa tu. Kwa divai vinyozi waliosha vidonda vya watu pia. Nyama wagonjwa walipozidi, dada yake Juana aliwapokea nyumbani kwake.

Martino alikufa tarehe 3 Novemba 1639. Baba Mtakatifu Yohana XXIII alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 6 Mei 1962.

Na panya je? Husimuliwa kwamba walitafuna nguo za wagonjwa, wenzake wakataka kuwatilia sumu. Martino akamshika mmoja, akamwagiza awaondoe ndugu zake wote waende bustanini, naye angewaletea chakula. Wakatoka. Tangu siku ile aliwapelekea mabaki ya meza.