Joseph Lister na Hewa ya Wodi

Yeyote alazwaye juu ya meza ya upasuaji leo hii ana deni kwa Joseph Lister, tabibu Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 1912. Wengi humsifu kuwa mwasisi wa upasuaji salama, na sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, limo katika maisha yake jambo ambalo hupitiwa juujuu mno: jitihada yake ya kuitakasa hewa, na jinsi alivyoiacha.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827, huko Upton, Essex, katika familia ya Waquaker, dhehebu ambalo wamishenari wake walikuja kutia guu Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mnamo 1902. Babake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini alijulikana zaidi kwa kuboresha lenzi za hadubini. Mwana naye akakua akivitazama vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Baada ya kuhitimu London, alikwenda Edinburgh mwaka wa 1853 kujifunza chini ya mpasuaji James Syme. Miaka mitatu baadaye alimwoa Agnes, bintiye Syme, na kwa ajili ya ndoa hiyo akajitoa katika dhehebu la wazazi wake. Daftari nyingi za utafiti wa Lister zimeandikwa kwa mkono wa Agnes. Ni haki mama huyu atajwe.

Mwaka wa 1860 Lister aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji Glasgow. Wodi alizokabidhiwa zilikuwa makaburi ya walio hai. Mgonjwa alikatwa mguu vizuri, akaamka, akala, kisha baada ya siku chache kidonda kikaoza na kumwua. Madaktari waliamini kwamba uvundo wa hewa ndio uliosababisha haya. Wala hawakosi kueleweka, kwani kando ya ukuta wa mojawapo ya wodi hizo walikuwa wamezikwa, karibu na uso wa ardhi, watu waliokufa kwa kipindupindu mnamo 1849.

Mwaka wa 1865, Thomas Anderson, profesa wa kemia, alimwelekeza kwenye maandishi ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Pasteur alikuwa amethibitisha kwamba uozo huletwa na viumbe vidogo mno, wala si hewa yenyewe. Lister akaona: ikiwa ni viumbe, vinaweza kuuawa. Alichagua asidi ya kaboliki, iliyokuwa ikitumiwa kuondoa uvundo wa majitaka mjini Carlisle. Agosti 1865 aliletewa mvulana wa miaka 11, James Greenlees, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni, ngozi ikiwa imepasuka. Kwa kawaida mguu kama huo ulikatwa. Lister alikifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa kaboliki. Baada ya majuma sita mfupa ulikuwa umeunga. Kabla ya dawa hiyo, wagonjwa 16 kati ya 35 aliowakata viungo walikufa. Baadaye walikufa 6 kati ya 40.

Hapo ndipo lilipoingia suala la hewa. Kwa vile viini vilielea hewani, Lister aliona haitoshi kuosha mikono, vyombo na kidonda. Mapema katika miaka ya 1870 alibuni kifaa cha kunyunyiza kaboliki chumbani wakati wa upasuaji, kwanza kwa mkono, baadaye kwa mvuke. Wasaidizi walikohoa, ngozi ya mikono ikababuka na kufa ganzi. Malkia Victoria mwenyewe alinyunyiziwa mnamo 1871 alipopasuliwa jipu la kwapani.

Lakini mnamo 1881 Robert Koch wa Ujerumani alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbegu za vijidudu vya kimeta huistahimili kaboliki kwa saa nyingi, sembuse mnyunyizo wa dakika chache. Ikazidi kubainika kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa mikononi na vyomboni. Lister akakiweka kando kifaa chake mwaka wa 1887. Mnamo 1890, mbele ya kongamano la kimataifa la matabibu jijini Berlin, alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba anaona haya kuwahi kukipendekeza. Wangapi wenye sifa kama zake wangethubutu?

Hata hivyo, hewa haikuwa bure kabisa. Katika miaka ya 1960, John Charnley alijenga huko Wrightington, Uingereza, kizimba chenye hewa iliyochujwa kwa ajili ya upasuaji wa nyonga, na maambukizi yakapungua. Tofauti ni kwamba Charnley aliziondoa chembe hewani badala ya kujaribu kuziulia humo humo.

Agnes alifariki Italia mwaka wa 1893, na Lister akaacha kuwatibu wagonjwa binafsi. Alipewa cheo cha ubaroni mnamo 1897. Alipofariki huko Walmer tarehe 10 Februari, 1912, ibada ya mazishi ilifanyika Westminster Abbey, lakini hakuzikwa humo miongoni mwa wakuu. Alizikwa Hampstead, kando ya Agnes, kama alivyotaka.