Fundi wa Viatu Aliyekwenda Kusomea Miguu

Siku moja ya Idd nilirudi nyumbani peku, viatu vipya nimevishika mkononi mfano wa mvuvi aliyerudi na ndoano tupu. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi ing'aayo, vyenye ncha nyembamba mbele, na bei yake sitaitaja maana mke wangu husoma ukurasa huu. Asubuhi nilitoka navyo kwa madaha. Nilipovivua kwa ajili ya sala nikaona vidole viwili vimefanya malengelenge, na baada ya hotuba sikuweza tena kuvirudisha miguuni. Mbele yangu alikuwa akitembea mzee mmoja mwenye makubadhi yaliyokwisha kupoteza rangi, anakwenda zake kwa raha kana kwamba barabara yote imetandikwa zulia.

Kesho yake nilivipeleka kwa fundi mmoja mwenye kimeza chake kibarazani, Mji wa Kale. Nilitaraji atavitia kalibu ya mbao avipanue. Hakuitazama hata ile ncha. Alikamata kisigino kwa mkono huu na mbele kwa mkono huu, akakikunja kiatu, nacho kikakunjika katikati kama chapati. Akaniambia kiatu hiki hakina mfupa, na kwamba nisiilaumu ncha peke yake.

Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasoma mahali, yameandikwa na mtu ambaye hakupata kuiona Mombasa. Mtu huyo ni Salvatore Ferragamo, Mwitaliano, mshona viatu aliyefariki mwaka 1960, na ambaye mwaka 1957 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Shoemaker of Dreams. Leo nataka niwasimulie habari zake, kwa sababu sijui mtu mwingine aliyeikataa kwa dhati ile imani yetu kwamba kiatu kizuri lazima kiume.

Ferragamo alizaliwa tarehe 5 Juni, 1898 katika kijiji cha Bonito, kusini mwa Italia, upande wa bara kutoka mji wa Naples. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini, na yeye alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na wanne. Tangu akiwa mdogo alipenda kwenda kukaa kwa mshona viatu wa kijijini akitazama mikono ya mzee yule. Wazazi hawakupendezwa hata kidogo. Huko kwao kushona viatu kulihesabiwa kazi duni kupita zote, jambo ambalo halitawashangaza wasomaji wangu, maana hata kwetu watu hukipenda kiatu wakamdharau aliyekishona.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa ilifika sherehe ya kanisani ambayo umbu lake alitakiwa kuhudhuria kwa viatu vyeupe, na nyumbani fedha hazikuwapo. Mtoto huyo akaomba vifaa kwa fundi, akakesha, na asubuhi viatu vikawa tayari. Baada ya hapo wazazi walinyamaza. Akiwa na miaka kumi na moja alipelekwa Naples kujifunza kazi, akarudi Bonito na kufungua kiduka chake mwenyewe, na yeye bado hajaota ndevu.

Mwaka 1915 alivuka bahari kwenda Marekani, kwenye mji wa Boston, ambako kaka yake alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha viatu. Mashine zilimstaajabisha kwa wingi wa viatu zilivyotoa, lakini viatu vyenyewe havikumridhisha. Hakukaa sana huko. Aliwashawishi kaka zake wakahamia California, kwanza Santa Barbara, ambako alishona buti za wachezaji wa filamu za wapanda farasi, kisha mwaka 1923 Hollywood, akafungua duka. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya The Ten Commandments, yenye kisa cha Nabii Musa na Firauni, na ndara za wachezaji wake zilitoka katika mikono ya Ferragamo. Mary Pickford, Gloria Swanson na Rudolph Valentino, waliokuwa nyota kubwa za zama hizo, wote walikuwa wateja wake.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Lakini kijana huyu alikuwa na jambo lililomsumbua. Wateja wake walivisifu viatu vyake kwa uzuri, kisha wakavivua wakiwa na sugu, vidole vilivyopinda na kucha zilizozama nyamani. Alikuwa akivipima sawasawa, anatumia ngozi laini, na bado miguu inauma. Basi badala ya kutafuta ngozi laini zaidi, alikwenda kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Southern California kusomea maumbile ya mwili wa binadamu. Fundi tajiri, mwenye duka lake na wateja wa kutajika, anakaa darasani kujifunza mifupa ya mguu! Katika habari zake zote hii ndiyo niipendayo zaidi.

Alichokiona huko kilikuwa ni hiki. Mtu anaposimama wima, uzito wa mwili hushuka kama timazi ya mwashi, nao huelekea katikati ya wayo, pale penye mvungu. Mvungu huo kila mtu wa pwani anaujua: maji yakitoka, ukikanyaga mchanga uliolowa, kisigino kitaacha alama na vidole vitaacha alama, bali ule upande wa ndani wa katikati hubaki mchanga mtupu. Washona viatu wa wakati wake walipima urefu na upana, wakashughulika na kisigino na ncha, na pale katikati wakapaacha vivi hivi bila chochote cha kupashikilia. Daktari wa mifupa huenda akaieleza habari hii kwa namna nyingine, kwamba uzito hugawanyika baina ya kisigino na mbele ya wayo, na mvungu ndio unaougawa. Kwa mshona viatu matokeo ni yale yale. Mvungu usiposhikiliwa, kwa kila hatua mguu huteleza mbele, na vidole hugonga ncha kama abiria wa matatu iliyopiga breki.

Hapo ndipo tunapokosea tulio wengi. Tukisikia vidole vinabanwa tunafikiri kiatu ni kidogo, tunakwenda kununua kikubwa, na ndani ya kikubwa mguu unateleza zaidi. Dawa ya Ferragamo ilikuwa kuweka kipande chembamba cha chuma ndani ya soli, baina ya kisigino na kifungu cha vidole, kikaubeba mvungu wa mguu na kuuzuia usiteleze. Ukisha kushikwa katikati, vidole vinapata uhuru wao, na hapo fundi anaweza kuipamba sehemu ya mbele apendavyo. Uzuri na raha vikaacha kugombana, kwa kuwa kila kimoja kilipewa mahali pake.

Mwaka 1927 alirudi Italia na kufanya makao Florence, mji uliojaa mafundi wa mkono, akawa anauza Marekani viatu vilivyoshonwa huko. Ukaja mdororo mkuu wa uchumi, wanunuzi wa Marekani wakapungua, na mwaka 1933 akafilisika. Alianza upya na wateja wa kwao, akajikusanya polepole.

Kisha likaja jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivamia Ethiopia. Mwezi uliofuata Ligi ya Mataifa iliiwekea Italia vikwazo vya biashara, na ingawa havikumwokoa Mfalme Haile Selassie, vilimfikia fundi wetu kwenye kimeza chake. Chuma kizuri cha kutia ndani ya viatu kikawa hakipatikani, na kile alichokipata kilikuwa dhaifu, kinakatika, na viatu vinarudishwa. Yaani ule mfupa wa kiatu, elimu yake yote ya California, ulikuwa umetoweka.

Nikiri kwamba hapa huruma yangu kwake ina mpaka. Mussolini mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliovaa viatu vya Ferragamo, na wakati watu wa Florence wakilalamikia uhaba wa chuma na ngozi, Waethiopia walikuwa wakimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Huwezi kusimulia habari ya kiatu kile kilichozaliwa na vikwazo ukaacha kutaja vikwazo vilitokana na nini.

Hata hivyo alichokifanya ni cha fundi hasa. Kama hakuna cha kuubebea mvungu kutoka ndani, basi auzibe mvungu wenyewe kutoka chini. Alichukua magome ya ule mti wa kisiwa cha Sardinia ambao hufanyiwa vizibo vya chupa, kitu chepesi na chenye kubonyea kidogo, akavigundisha vipande na kuvichonga mpaka nafasi yote kati ya kisigino na soli ikajaa. Kikatokea kiatu kilichoinuka kama kabari, kirefu lakini mguu wote umekaa juu ya kitu. Mwanzo wateja walikishangaa, kisha wakakipenda, kikaenea duniani. Mwaka 1938 alimshonea mwimbaji Judy Garland ndara yenye soli nene ya matabaka, kila tabaka limevikwa ngozi ya rangi yake kama upinde wa mvua. Wale wanaodhani viatu vya soli nene vilizuka miaka ya sabini, pamoja na suruali pana, wajue kuwa walichelewa zaidi ya miaka thelathini. Wala bibi zetu waliotembea juu ya mitalawanda hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba kiatu kinaweza kumwinua mvaaji bila kumpindisha.

Mwaka huo wa 1938 alilinunua jumba la Spini Feroni, jengo la mawe la tangu karne ya 13, kando ya mto Arno, akaweka karakana humo. Mwaka 1940 alimwoa Wanda Miletti, binti wa daktari wa kijijini kwao Bonito, wakajaaliwa watoto sita. Vita vikaleta uhaba mkubwa zaidi, naye akashona kwa kila alichokipata: ukili, kitani, ngozi za samaki, hata karatasi ing'aayo ya kufungia peremende. Baada ya vita, mwaka 1947, alitoa ndara ambayo juu yake ilikuwa nyuzi za nailoni tupu, baada ya kuona mishipi ya wavuvi wa mto Arno. Mguu ukionekana kana kwamba haukuvaa kitu. Kwa ndara hiyo alipewa tuzo ya Neiman Marcus huko Marekani, mwaka ule ule aliopewa Christian Dior. Wanunuzi, lakini, hawakuipenda sana. Mtu akitoa fedha nyingi hutaka kiatu chake kionekane.

Kufikia mwaka 1950 alikuwa na mafundi 700 waliotoa jozi 350 kwa siku, kwa mkono. Pigeni hesabu wenyewe: kila fundi kiatu kimoja kwa siku, na cha pili anakishona mwenzake. Jina lake liliandikishwa juu ya uvumbuzi zaidi ya 350.

Alifariki tarehe 7 Agosti, 1960. Wanda alikuwa na umri wa miaka 38, hakupata kufanya kazi ya biashara hata siku moja, na mtoto wa mwisho alikuwa bado mdogo. Watu walitaraji atauza. Hakuuza, aliiongoza kazi ya mumewe akisaidiwa na watoto, na alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Mwaka 1995 katika jumba lile lile lilifunguliwa makumbusho ya viatu, na humo zimo kalibu za mbao za miguu ya Greta Garbo, Marilyn Monroe, Audrey Hepburn na wengineo. Sura zao zimo katika filamu na picha. Hapo pana nyayo zao, kila moja na kasoro yake.

Tangu kumsoma bwana huyu sinunui tena kiatu kwa kukibonyeza ncha na kukisifu rangi. Nakwenda dukani alasiri, kwa kuwa mguu uliokwisha kutembea juani huwa umevimba kidogo kuliko ulivyoamka. Navaa vyote viwili, maana mguu wa kushoto na wa kulia ni ndugu lakini si pacha. Nasimama kwa uzito wangu wote nikisikiliza pale katikati kama pana kinachonibeba, kisha nakivua na kukikunja mbele ya muuzaji, na akinikunjia uso natoka.

Vile viatu vyeusi fundi wa kibarazani alinirudishia baada ya siku tatu. Alikuwa amevitia mfupa, kipande cha msumeno wa chuma alichokikata na kukilainisha kingo, na pale mbele akavitia kalibu kidogo, nadhani kwa kunihurumia. Nimevivaa mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nimerudi navyo miguuni.