Hurst na Miaka Ifuatanayo

Msomaji atokaye mjini Nyeri akashika njia ya Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki huyaacha mashamba ya kahawa nyuma yake na, muda si muda, hujikuta katika nyasi kavu za Kieni. Mbele zaidi zimetandaa nyanda za malisho za Laikipia. Ukiuliza nyanda hizo zaweza kulisha ng'ombe wangapi, aghalabu utajibiwa kwa wastani wa mvua ya mwaka. Jibu hilo hunikumbusha mtu ambaye hakuchunga ng'ombe wala hakupima nyasi, lakini aliyeufichua udhaifu wa wastani: Harold Edwin Hurst.

Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Leicester, Uingereza, mwana wa mjenzi wa kijijini. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akajiendeleza kwa masomo ya jioni hata akaingia Chuo Kikuu cha Oxford na kuhitimu katika fizikia. Mwaka 1906 alikwenda Misri, na huko akautumikia mto Nile kwa zaidi ya nusu karne. Alisafiri hadi kwenye maziwa yetu ya Afrika Mashariki yanayoulisha mto huo, na kwa hayo yote akapewa lakabu ya Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Swali lake lilikuwa hili: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili maji ya miaka ya neema yatoshe miaka ya dhiki? Alizikusanya kumbukumbu za vina vya Nile zinazoanzia mwaka 622, pamoja na za mvua, za pete za miti na za matabaka ya tope la maziwa. Alitafuta tofauti ya kila mwaka na wastani, akazijumlisha tofauti hizo moja baada ya nyingine kama mwenye duka ajumlishavyo faida na hasara, kisha akapima pengo baina ya kilele cha akiba na kina cha deni. Pengo hilo akaligawanya kwa mchepuko sanifu. Lau miaka ingekuwa kama sarafu, ambayo haikumbuki ilivyoanguka jana, pengo lingekua kwa kipeo cha 0.5 cha idadi ya miaka. Naye alirusha kweli sarafu kumi kwa pamoja, mara elfu moja! Sarafu zilitii, maumbile yalikataa. Katika makala yake ya mwaka 1951 kipeo kilikuwa takriban 0.73.

Maana yake ni kwamba miaka mibaya huandamana. Sisi wanaisimu hatulishangai hilo: yahesabu maneno ya sentensi upendavyo, bila mpangilio wake hupati maana. Mfugaji naye hauawi na wastani. Kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na ng'ombe aliyekufa katika msimu wa tatu hakufufuliwa na mvua zilizofuata. Hata hivyo, sisi walimu humfundisha mwanafunzi wastani na kumwacha hapo hapo.

Ugumu uliopo ni wa kumbukumbu. Hurst alikuwa na karne kumi na tatu za mto. Picha za setilaiti zinazopima ukijani wa malisho zilianza kukusanywa kwa mfululizo mnamo 1981 tu. Ndiyo maana daftari la mvua la shule moja ya Kieni, likijazwa kila asubuhi bila kuruka siku, lina thamani kuliko wengi wadhanivyo. Hurst mwenyewe aliendelea na hesabu zake hadi uzeeni, akafariki Desemba 1978 akiwa na umri wa miaka 98.