Julius Nyerere na sheria za upangaji nyumba

Julius Kambarage Nyerere (13 Aprili 1922 – 14 Oktoba 1999) alikuwa Rais wa kwanza wa Tanzania. Anajulikana zaidi kwa kupigania uhuru na kwa siasa ya Ujamaa, lakini uongozi wake ulibadilisha pia uhusiano kati ya mwenye nyumba na mpangaji nchini.

Maisha ya awali

Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere nchini Uganda na Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti, alikohitimu mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa naye akawa rais wake.

Msimamo kuhusu ardhi

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kupanua umilikaji binafsi wa ardhi usio na kikomo, Nyerere aliandika kijitabu cha kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo mtu anastahili malipo kwa kazi aliyoifanya juu yake tu. Ardhi ikiwa bidhaa, wachache wenye fedha wangeinunua na wengi wangebaki wapangaji katika nchi yao.

Baada ya uhuru msimamo huo uliingia katika sheria. Mwaka 1963 hati za umilikaji wa kudumu ziligeuzwa kuwa za kukodi kutoka serikalini kwa miaka 99. Mwaka 1965 na 1968 zilitungwa sheria zilizokomesha nyarubanja, mfumo wa Bukoba na jirani zake ambapo wakulima walilipa kodi kwa mabwana wa ardhi. Wakulima hao wakapewa haki ya mashamba waliyoyalima.

Kuhusu nyumba za mijini, mwaka 1962, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, serikali ya TANU iliunda Shirika la Nyumba la Taifa na kutunga sheria ya kudhibiti kodi ya pango.

Azimio la Arusha

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi. Mmojawapo ulimkataza kiongozi wa chama au serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa mtazamo wa Nyerere, kodi ya nyumba ilikuwa kipato kisichotokana na jasho la anayeipokea, na kiongozi mwenye wapangaji asingeweza kuwatetea wapangaji kwa dhati.

Kutaifishwa kwa majumba

Mwezi Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Nyumba ambayo mwenyewe aliishi humo peke yake haikuguswa. Fidia haikulipwa kwa jengo lililozidi umri wa miaka kumi. Majengo yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, na wapangaji wakaanza kumlipa yeye.

Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, hasa Dar es Salaam. Baadhi walikuwa wameweka akiba ya maisha yao yote katika jengo moja, na wengi waliihama nchi. Wapo waliokata rufaa na kurudishiwa nyumba zao.

Sheria hiyo haikuwahusu wapangaji wote. Nyumba za vyumba vichache, ziwe za uswahilini Dar es Salaam au za miji midogo ya barabarani kama Makanya wilayani Same, hazikufikia thamani hiyo. Mpangaji wa chumba huko aliendelea kuelewana na mwenye nyumba wake moja kwa moja.

Sheria ya 1984

Mwaka mmoja kabla ya Nyerere kung'atuka urais ilitungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984. Iliunda mabaraza ya nyumba ya mikoa yenye mamlaka ya kupanga kodi halali, ilikataza kilemba, na ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya baraza.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Kodi zilibaki chini wakati bei za vifaa vya ujenzi zikipanda, na majengo mengi ya umma yalichakaa bila matengenezo. Serikali iliyowalinda wapangaji ilikuwa yenyewe mwenye nyumba mkubwa kuliko wote.

Baada yake

Mwaka 1990 kazi za Msajili wa Majumba ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991 uamuzi wa CCM uliofanyika Zanzibar uliwaruhusu viongozi kupangisha nyumba, jambo ambalo Nyerere alililaumu hadharani. Alifariki London na kuzikwa Butiama.

Sheria ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji unaongozwa hasa na mkataba na Sheria ya Ardhi ya 1999, inayomtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani na atunze paa na kuta. Hata hivyo kiwango cha kodi ni makubaliano ya wawili. Kanuni kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais ingali inatumika.